Arctic Cat na roho zake saba

Kuna kampuni moja ya Kimarekani inaitwa Arctic Cat, iko kwenye kamji kadogo ka Thief River Falls, kaskazini mwa Minnesota sio mbali na mpaka wa Kanada, watu wake hawafiki elfu tisa, na kwa zaidi ya miaka 60 kazi yake kubwa imekuwa kutengeneza pikipiki za theluji. Kwa ambao hamjaziona, mbele ina ski mbili badala ya tairi, nyuma ina mkanda mpana wa raba wenye meno unaozungushwa na injini, unaipanda kama unavyopanda bodaboda, wenyewe kule wanaziita sledi na mi ntaziita hivyo hivyo maana nikisema pikipiki ya theluji kila mara tutakesha. Mwishoni mwa 2024 mwenye mali, shirika kubwa la Textron, likatangaza kusimamisha uzalishaji, mamia ya wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, watu wakaanza kuandika tanzia. Aprili 2025 Textron ikaiuza kwa kikundi kinachoongozwa na Brad Darling, jamaa ambaye aliwahi kuwa kiongozi humo humo, na kiwanda kikaanza kuamka tena. Tangu hapo ubishi haujaisha, je imepona kweli au mazishi yameahirishwa tu.

Jibu ambalo kila mtu analo mdomoni ni tabianchi. Dunia inapata joto, theluji inapungua, kampuni inayouza vitu vya theluji inakufa, kesi imekwisha. Na huwezi kusema ni uongo. Baridi ya 2023 kuingia 2024 ilikuwa ya joto kuliko zote zilizowahi kurekodiwa Marekani bara, Minnesota watu waliona nyasi Januari, mashindano ya mbwa wa kuvuta sledi ya John Beargrease yakafutwa, na kule Wisconsin mbio za ski za Birkebeiner zikabidi zikimbiwe kwenye kaduara ka theluji ya kutengenezwa kwa mashine. Ndugu zetu walioko Minneapolis, na wapo wengi sana Wakenya na Wasomali, ukiwauliza watakwambia mwaka ule koleo la theluji lilipumzika kabisa. Sasa wewe una sledi ya dola elfu kumi na tano imekaa gereji, umelipia na bima, unaiangalia tu.

Alafu kuna kitu watu wa nje hawakijui, hizi mashine hazihitaji theluji kwa ajili ya kuteleza peke yake, zinaihitaji ili zisiungue. Nyingi za kisasa zinapozwa kwa maji, ila ule mfumo wa kupoza hauko mbele unapigwa na upepo kama rejeta ya gari, uko chini, ndani ya ile sehemu mkanda unapozungukia, kwahiyo mkanda ukizunguka unarusha theluji juu, inagonga yale mabomba ya alumini, inayeyuka, inachukua joto. Na zile reli za plastiki ambazo mkanda unatelezea nazo zinalainishwa na theluji hiyo hiyo. Ukipita kwenye barafu ngumu isiyo na theluji juu yake, au barabara iliyokwanguliwa, ndani ya dakika chache taa nyekundu ya joto inawaka na plastiki inaanza kunuka. Ndo maana utaona waendeshaji wamefunga vijichuma kama spring pembeni mwa reli vinavyokwaruza barafu ili irushe vumbi la kupoza injini. Kwahiyo ile hali ya theluji kidogo kidogo, inanyesha leo kesho mvua, ambayo mwenye ski anaweza kuivumilia, mwenye sledi haimfai. Anataka theluji ya maana, ikae, kilomita nyingi mfululizo.

Haya, nimewapa watu wa tabianchi haki yao. Sasa niseme ninachoamini mimi, kwamba joto limeikuta Arctic Cat tayari iko kitandani, na kilichoilaza ni hesabu za biashara za watu wazima kabisa waliokaa ofisini.

Tuanze na soko lenyewe. Soko la sledi halijaanza kusinyaa juzi. Kilele chake kilikuwa 1971, mwaka ambao Amerika ya Kaskazini peke yake ziliuzwa karibu laki tano, na watengenezaji walikuwa zaidi ya mia. Mia! Kila mwenye karakana na mashine ya kuchomelea alikuwa anatoa sledi yake, mpaka Harley-Davidson walitengeneza, mpaka John Deere wa matrekta walitengeneza, Kawasaki, Suzuki, wote walipita humo. Alafu likaja balaa la mafuta, zikaja baridi zisizo na theluji, mfumuko wa bei, na wale mia wakayeyuka. Soko likajikusanya tena miaka ya tisini, likafika zaidi ya laki mbili na nusu kwa mwaka dunia nzima mnamo 1997, na tangu hapo kwa jumla ni kuteremka, siku hizi ukisema laki moja hivi kwa dunia nzima hujakosea sana. Minnesota yenyewe, ambayo ndo kitovu, sledi zilizosajiliwa zilikuwa zinakaribia laki tatu mwanzoni mwa miaka ya 2000, sasa ziko chini ya laki mbili.

Na huko kupungua kunajilisha kwenyewe. Minnesota ina njia za sledi zaidi ya kilomita elfu thelathini na tano, zinatunzwa na vilabu vya watu wa kujitolea, nyingi zinakatiza mashamba ya watu binafsi kwa ruhusa ya mwenye shamba, na hela ya kuzisawazisha inatoka kwenye ada ya usajili na sehemu ya kodi ya mafuta. Sledi zikipungua, ada inapungua, njia zinakuwa mbovu, mtu anaenda mara moja anarudi mgongo unamuuma, mwakani hasajili. Wanaokaa kwenye vilabu wenyewe ni wazee, vijana hawaji, na kijana atakujaje wakati akijumlisha sledi, trela, gari la kuvuta trela, helmeti, jaketi na mafuta inafika bei ya gari zuri tu, tena kitu chenyewe anakitumia miezi mitatu kama Mungu akipenda.

Lakini soko dogo sio hukumu ya kifo. Soko dogo linaua mtu anayeendesha kiwanda kama vile soko bado ni kubwa, na hapa ndo pa kukaa kidogo.

Sledi zinauzwa kwa utaratibu wa ajabu. Modeli za mwaka unaofuata zinatangazwa mapema, theluji ya mwaka huu ikiwa bado iko chini, na wapenzi wanaweka oda na kishika nafasi wakati wa majira ya machipuko, kiwanda kinatengeneza kiangazi, mzigo unafika kabla ya baridi. Hao walioweka oda ndo wateja wa uhakika. Ila kiwanda hakitengenezi za oda tu, kinatengeneza na za ziada zinazosukumwa kwa mawakala zikae uani zisubiri mteja. Na wakala hazilipii kwa hela yake ya mfukoni, anakopeshwa na kampuni ya fedha, miezi ya mwanzo riba haimgusi au inamgusa kidogo, muda ukipita riba inaanza kumtafuna kila mwezi. Kwa kiwanda ile ishahesabika kama mauzo, kwenye ripoti inapendeza, mabosi wanapongezana. Kumbe sledi iko uani chini ya turubai na hakuna binadamu aliyeinunua. Ni sawa na mtu kujaza duka sare za shule Desemba kwa mkopo halafu Januari shule hazifunguliwi.

Kwa miaka mingi mchezo huu ulikwenda kwa sababu theluji ikikosa mwaka mmoja, mwaka unaofuata inakuja, unauza za zamani kwa punguzo. Korona nayo ikaja kuwadanganya kabisa. 2020 na 2021 watu wamefungiwa, wana hela za serikali, hawana pa kwenda, wakanunua kila kitu chenye injini cha kuchezea nje, sledi, boti, vile vigari vya porini vya viti viwili, mawakala hawakuwa na mzigo wa kutosha. Viwanda vyote vikaona aah, kumbe biashara imerudi, vikaongeza. Alafu 2022 na 2023 benki kuu ya Marekani ikapandisha riba mpaka juu ya asilimia tano, mkopo wa kununua kitu cha starehe ukawa mchungu, mkopo wa wakala wa kuweka mzigo uani ukawa mchungu zaidi, na hapo hapo ndo ikaja ile baridi ya nyasi Januari. Mzigo ukaganda. Hata BRP wa Kanada wenye sledi za Ski-Doo, ambao ndo wakubwa wa soko hili, na Polaris wa hapo hapo Minnesota, wote walibanwa, wakapunguza uzalishaji ili mawakala wapumue. Tofauti ni kwamba wao wana vitu vingine vingi vya kuuza na wana ukubwa wa kubeba mwaka mbaya. Namba tatu, yaani Arctic Cat, hana.

Sasa Textron. Textron ndo wenye ndege za Cessna na helikopta za Bell, na pia wanatengeneza vigari vya gofu. 2017 waliinunua Arctic Cat kwa dola milioni 247 hivi. Mi naona pale pale ndo pa kuuliza, walikuwa wananunua nini hasa? Mtu anayenunua kampuni ya sledi mwaka 2017, soko limeshuka miaka ishirini, hanunui sledi, ananunua mtandao wa mawakala na vile vigari vya porini, maana hicho ndo kilikuwa kinakua, Polaris walikuwa wanavuna humo mabilioni. Na dalili ilionekana mapema, maana vigari na ATV (zile pikipiki za magurudumu manne) za Arctic Cat walizivua jina wakazipachika Textron Off Road. Hebu fikiria umekaa na jina ambalo watu wa vijijini Minnesota wanachora tatuu, unalifuta unaweka jina la shirika ambalo mkulima hajui hata linatengeneza nini. Baadaye wakarudisha jina la zamani, lakini mawakala walishaelewa mwenye nyumba mpya anawaonaje. Vigari havikuwafikia Polaris na Can-Am wa BRP, na sledi zikabaki kama mtoto wa mke wa kwanza.

Nisiwaonee, kuna kitu kizuri walikiacha. Chini yao ndo ikaja sledi mpya kabisa inaitwa Catalyst, nyepesi, imeundwa upya kuanzia fremu, wenye kujua wanaisifu, na ikapewa injini mpya ya cc 858. Kwahiyo bidhaa haikuwa mbaya. Hili linauma zaidi, kampuni ilisimamishwa ikiwa imetoka kumaliza gharama ya kutengeneza mashine yake nzuri.

Kingine ambacho watu wanakipita haraka ni injini. Arctic Cat kwa muda mrefu haikuwa na injini yake. Kuanzia miaka ya sabini ilikuwa inachukua kwa Suzuki, miaka na miaka, mpaka ile ndoa ikaisha karibu miaka kumi hivi iliyopita, na kampuni ikawa imejenga kiwanda chake cha injini St. Cloud, humo humo Minnesota. Injini kubwa za mipigo minne, zile za turbo zinazotembea kama zina shetani, ikachukua kwa Yamaha. Mkataba ulikuwa wa kupeana, Yamaha wanatoa injini, Arctic Cat wanatoa bodi, na sledi za Yamaha zenyewe, kama Sidewinder, zikawa zinaundwa Thief River Falls. Mtamu kwa wote. Juni 2023 Yamaha, waliokuwa kwenye sledi tangu 1968, wakatangaza wanaondoka, Japani washamaliza, Ulaya mwisho 2024, Amerika ya Kaskazini mwisho modeli za 2025. Watu wengi waliandika habari ile kama huzuni ya Yamaha. Mi naona pigo kubwa lilikuwa la Arctic Cat, kwa siku moja ikajua inapoteza injini yake kubwa kuliko zote na pia inapoteza kazi ya kuunda sledi za mwenzake zilizokuwa zinasaidia kujaza kiwanda. Kiwanda kina gharama zisizojali umeunda ngapi, umeme, majengo, mafundi. Ukitoa sledi za Yamaha kwenye mstari, kila sledi yako iliyobaki inabeba mzigo mkubwa zaidi.

Ndo maana nasema wanaoangalia mbinguni kutafuta theluji wanaangalia sehemu moja tu ya tatizo.

Historia ya hii kampuni ni ya kuchekesha kidogo. Mwanzilishi wake Edgar Hetteen ndo huyo huyo aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa Polaris, mpinzani wake mkubwa, pale Roseau, kamji kengine kadogo zaidi sio mbali. Walikuwa na karakana ya vifaa vya shamba, miaka ya hamsini wenzake wakaunda sledi, yeye mwanzoni wala hakufurahi, baadaye akaamini mpaka mwaka 1960 akaenda Alaska kuziendesha kutoka Bethel mpaka Fairbanks, safari inayokaribia kilomita elfu mbili, ili dunia ione zinafanya kazi. Aliporudi wenye hela wakamnunia, wanaona anacheza, akaondoka, akaja kuanzisha kampuni nyingine Thief River Falls, na 1962 ikatoka Arctic Cat ya kwanza. Yaani vimji viwili vya baridi kali, mtu mmoja, kampuni mbili zinazochukiana miaka sitini. Sledi zenyewe walizipa majina ya paka wote wa duniani, Panther, Puma, hadi Cheetah, duma wetu wa Serengeti akajikuta anauzwa kwenye nyuzi ishirini chini ya sifuri.

Na kufa sio mara yake ya kwanza. 1981 ilifilisika kabisa, kabisa, mali zikauzwa. Waliokuwa wafanyakazi na wawekezaji wakakusanyika, wakaunda kampuni mpya ya Arctco, na 1983 wakaanza tena wakiwa na mashine elfu chache tu kwa mwaka, modeli za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hawakujaribu kurudi kwenye ukubwa wa zamani. Walitengeneza kile walichojua kitanunuliwa, wakakua polepole, na jina la Arctic Cat likarudi kwenye mlango wa kampuni 1996. Hapo ndo naona kama kuna njia, iko hapo. Darling na wenzake hawana haja ya kuwakamata Ski-Doo, hawatawakamata. Wana haja ya kiwanda kinachoishi kwa oda za machipuko na ziada kidogo, mawakala wachache walio imara badala ya wengi wanaolia riba, na modeli chache. Mwenye kampuni ambaye hana wanahisa wa Wall Street wanaomuuliza ukuaji kila miezi mitatu anaweza kufanya hivyo. Textron hata wangetaka wasingeweza, maana sledi kwenye vitabu vyao zilikuwa kajisenti pembeni ya ndege.

Kuna wanaosema suluhisho ni umeme. Sikubaliani, angalau sio sasa. Taiga, kampuni ya Montreal iliyokuja kwa mbwembwe na sledi za umeme, 2024 ilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. BRP wametoa zao, umbali wake kama kilomita 50 kwa chaji, na huo ni umbali wa mtu anayetembeza watalii kuzunguka hoteli ya milimani. Baridi yenyewe inakula betri. Mtu anayekwenda porini kilomita mia mbili akiwa na dumu la petroli nyuma hawezi kukuelewa.

Na huyu wa porini ndo mteja ambaye makala nyingi zinamsahau. Kaskazini mwa Kanada kule Nunavut, vijiji vya Alaska, Lapland kule kaskazini mwa Ulaya kwa wachunga paa wa theluji, sledi sio starehe, ni usafiri, ni kwenda kuwinda, ni kumpeleka mgonjwa. Hata Joseph-Armand Bombardier wa Quebec, ambaye kampuni yake ndo ilikuja kutoa Ski-Doo, alifiwa na mtoto wake wa miaka miwili mwaka 1934 kwa sababu theluji iliziba njia ya hospitali. Hawa hawaachi kununua kwa sababu riba imepanda, wananunua ikifa. Ila hawatoshi kulisha viwanda vitatu. Urusi ambako sledi za kazi zilikuwa zinauzwa vizuri imefungwa tangu 2022, na Warusi wana za kwao za bei rahisi kama Buran. Kwahiyo aliye na sledi ya kazi ngumu, rahisi kutengeneza kwa spana mbili, atapata kipande hapo, lakini ni kipande.

Sasa kipimo changu mimi sio idadi ya modeli watakazotangaza wala video za mashabiki wakilia kwa furaha kwamba Paka amerudi. Ningeangalia vipuri. Mtu anayelipa dola elfu kumi na tano leo anataka kujua mwaka wa nane mkanda, pistoni na kifaa cha injini ya 858 atavipata wapi, na wakala wake wa kilomita thelathini atakuwa bado yupo au itabidi aendeshe kilomita mia tatu. Kampuni iliyosimama ghafla mara moja imewafundisha wateja kuogopa, na hofu hiyo punguzo la bei haliiondoi, inaondolewa na ghala lenye mzigo na simu inayopokelewa. Mji wenyewe wa Thief River Falls hautakufa, una DigiKey pale wanaouza vifaa vya elektroniki dunia nzima na wameajiri maelfu, kwahiyo mafundi wana pa kwenda. Hilo kwa Darling sio habari njema hata kidogo, kwa sababu fundi wa miaka ishirini aliyerudishwa nyumbani Desemba akapata kazi ya ndani kwenye joto, mshahara wa uhakika, hana haraka ya kurudi kwenye mstari ambao hajui mwakani kama utakuwepo. Mpaka atakapowarudisha hao, tena kwa mkataba unaovuka msimu mmoja, mi ningesubiri kabla ya kuweka kishika nafasi.